Piki ya kwanza hapa Malindi: 100, 125, 150, skuta au ile ndefu ya porini?

Mtoto wa mamangu mdogo amepata leseni yake ya piki, ile ya A2, mwezi uliopita na tangu siku hio simu yangu haijatulia. Leo anatuma picha ya Boxer, kesho skuta nyekundu, keshokutwa ile piki ndefu ya porini aliiona imeegeshwa nje ya ofisi moja huku mjini. "Dada nichukue ipi?" Na sio yeye tu, kina mama wenzangu pale tunapongojea ngalawa asubuhi washaanza kuniuliza pia, mmoja pesa zake za chama ziko tayari bado kuamua tu. Kwa hio nimeona niandike yote mahali pamoja, manake kwa voisi nusu ya maneno hupotea.

Mimi nauza samaki. Nachukua asubuhi hapa Malindi ama Mayungu, naenda kuwagawia wateja Gede, Timboni mpaka Watamu, siku nyengine natoka upande wa pili navuka Sabaki naenda Mambrui. Mwaka wa tano huu niko juu ya piki. Ya kwanza nilikosea kuchagua, ya pili ndio hii ninayo mpaka leo. Urefu wangu futi tano na inchi mbili, hilo lishikeni, litarudi.

Ile ya kwanza ilikua cc 150, yaani huo ukubwa wa injini. Nilinunua kwa sababu kila niliemuuliza aliniambia chukua 150 mara moja, ndogo utaichoka. Wiki ya tatu natoka Mayungu na kreti nyuma, samaki na barafu, kuna kile kipande cha mchanga mlaini kabla hujafika barabara. Gurudumu la mbele likaanza kuogelea, mimi nikaingiwa na uoga nikashika breki ya mbele, basi ikalala ubavu wa kushoto, polepole tu, hata mwendo sikua nao. Nilikua nagusa chini kwa vidole, unyayo haufiki, kwa hio mguu ulivoteleza hakukua na kitu cha kuizuia. Sikuumia. Lakini kuiinua nilishindwa. Nimesimama pale samaki wa changu wamemwagika mchangani, barafu inayeyuka, petroli inadondoka kwa kifuniko cha tangi, nangoja mtu apite, na jua ndio linapanda. Dakika kama ishirini hivi. Akaja mzee na baiskeli, tukaiinua wawili, akanisaidia kuokota samaki mmoja mmoja na kuwapangusa mchanga.

Tangu siku hio mtu akiniuliza piki ya kwanza simuulizi ana pesa ngapi. Namuuliza, ukikaa juu yake nyayo zote mbili zinafika chini zikalala? Na ikianguka, wewe peke yako unaiinua? Hayo maswali mawili ndio ntakua narudi kwayo kwa kila piki hapa chini, mana hapa kwetu lami inaisha upesi, ukiacha barabara kubwa tu ushaingia mchanga ama udongo mwekundu, na mtu mgeni wa piki anaanguka wakati amesimama ama anageuza, mara nyingi hata kasi hana.

Haya tuanze na 100 na 150, mana ndio mabishano makubwa.

Ukiziangalia dukani Boxer 100 na Boxer 150 zimesimama pamoja utaona kama mtu na ndugu yake, tofauti ndogo. Injini zote ni silinda moja inapoozwa na upepo, kabureta ya kawaida, fundi yoyote wa chini ya mkwaju anaifungua akiwa anapiga stori. Lakini 100 ni kama kilo 110 na 150 ni kama kilo 120 na kitu, na usidharau hizo kilo kumi, ni nusu ya mtungi wa maji wa lita 20, sasa uwekwe juu kwa tangi petroli imejaa, ziko juu sio chini, ikianza kuinama utazisikia. Klachi ya 100 ni laini, ukiiachia vibaya inazima tu. Ya 150 ukiiachia vibaya inaruka mbele, na mtu mgeni ikiruka mkono wake unavuta mafuta zaidi badala ya kupunguza, nimeona kijana pale uwanjani akaingia kwa ua la makuti la watu hivo hivo. Petroli, kwa nilivoona mimi 100 inatoa kilomita 50 na zaidi kwa lita nikienda kwa adabu, 150 ikiwa na mzigo ni 40 hivi.

Sasa ubaya wa 100 nao usifichwe. Ukiwa na abiria ama na kreti mbili, ukiingia hio barabara ya Mombasa, basi liko nyuma linapiga honi, unavuta mafuta mpaka mwisho na piki haina la ziada. Kuovateki lori unahitaji nafasi ndefu sana, na usipoelewa hilo utajikuta upande wa gari linalokuja. Na pale daraja la Sabaki msimu wa kusi, upepo unatoka baharini unakupiga ubavuni, piki nyepesi yenye kreti pana nyuma inasukumwa kama tanga. Mimi hua napunguza kabla ya daraja, gia ya tatu, najilaza kidogo upande wa upepo, mikono naiachia ilegee. Kwa hio mtu ambae safari zake ni Maweni, Barani, sokoni, hospitali, shule, 100 inamtosha kabisa wala asikubali kuchekwa. Anaetoka kila siku Malindi mpaka Watamu na mzigo, 100 itamchosha ndani ya mwaka.

Na hapo ndio inapoingia 125, ambayo kwa maoni yangu ndio jibu la watu wengi wanaoniuliza na sijui kwa nini haizungumzwi, labda kwa sababu watu wa boda wanataka 150 za kubeba na wauzaji nao wanafata boda. Kuna TVS HLX 125, kuna Boxer ya 125, kuna Honda ya 125. Uzito hazijatofautiana sana na 100, kiti mimi nakaa nyayo zinalala, na ukiwa kwa lami unafika 60 mpaka 70 bila injini kulia. Mwendo zaidi ya huo mtu mgeni wautakia nini, na barabara yenyewe ina tuktuk zinageuka bila indiketa, punda, watoto wa shule na mbuzi.

HLX 125 na Boxer 125 ukizijaribu siku moja moja baada ya nyengine, tofauti utakayoisikia ni kukaa. Mimi HLX mgongo haukuniuma kwa safari ndefu, dadangu mkubwa yeye akasema Boxer ndio kiti chake, kwa hio hili huwezi kuamuliwa na mtu. Spea ndio Boxer inashinda, tusidanganyane. Nenda duka lolote la spea, hata yale ya vijijini yanayouza na sukari, kebo ya klachi ya Boxer utaipata, breki shuu utapata, plagi utapata. HLX pia spea zake zimeenea sana sai, hapa mjini huna shida, ila ukiharibikiwa mbali ndani huko Marafa unaweza ukangoja mpaka mtu apande matatu kuileta. Honda ni imara na imetulia, injini yake haina kelele, lakini spea ya kweli ya Honda bei yake inauma na ile feki imejaa, ukiwa hujui kutofautisha utauziwa feki kwa bei ya kweli. Honda nampa mtu anaejua ataiweka miaka mingi, anabadilisha oili kwa wakati, na ana fundi mmoja anaemuamini.

Kitu kimoja kuhusu gia, na hiki kimewaangusha wengi siku ya kwanza: sio piki zote zinaingia gia kwa njia moja. Kuna ambazo zote unakanyaga mbele, kuna ambazo ya kwanza unakanyaga chini halafu zilobaki unanyanyua. Ulojifunza nayo kwa shule ya udereva inaweza kua tofauti na utakayonunua. Umeshakua kwa ya tatu unataka kupanda ya nne, mguu umezoea njia nyengine, unashusha ya pili, gurudumu la nyuma linakwama na abiria anakuja mgongoni. Kabla hujaitoa dukani muulize, weka stendi kubwa, zipitie gia zote na mkono umeshika klachi, mara kumi, mpaka mguu uelewe.

Za Kichina, hizo zenye majina mengi. Bei ndio sifa yake kubwa na kwa mtu asie na pesa sio sifa ndogo. Nyingi injini yake ni nakala ya ile Honda CG125 ya zamani iliotoka 1976, ni injini ngumu, haina cheni ya taimingi ya kulegea, na spea za nyingi zinaingiliana, kwa hio wanaosema za Kichina ni takataka wanakosea. Tatizo lake sisi watu wa pwani ni kila kitu kinachozunguka hio injini. Kromu yake ni nyembamba mno kwa hewa ya bahari. Mtu wa bara anaweza akakaa nayo miaka haijapata doa, hapa jirani yangu alinunua mwezi wa kumi na moja, ilipofika masika spoku zishakua za kahawia na eksozi ina tundu kwa chini.

Na hapa naomba nikae kidogo, mana ndio jambo ambalo waandishi wa Nairobi hawaliandiki. Chumvi. Piki hapa inakufa kwa chumvi kabla haijafa kwa kilomita. Upepo wenyewe una chumvi, mchanga una chumvi, na mimi juu ya hapo nabeba kreti inadondosha maji ya samaki. Yale maji yanateremka kwa keria yanaingia kwa zile boliti za shokabzoba, yanakaa ndani ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Ya kwanza niligundua siku fundi alipotaka kutoa gurudumu, ile ekseli haikutoka, imeshikana na chuma mpaka ikabidi ipigwe nyundo nusu saa na ikapinda. Kwa hio ukiwa unalinganisha piki mbili dukani piga magoti uangalie chini. Kava ya cheni, kuna zenye kava nusu na kuna zenye kava nzima inafunika cheni yote, chukua yenye nzima, mchanga na chumvi haviingii na cheni inadumu. Rimu, kuna za spoku na kuna zile nzima za sporti. Ya spoku inashika kutu ukiizembea lakini ikipinda kwa shimo fundi ataivuta spoku irudi, ile nzima haishiki kutu hivo ila ikipasuka ndio imeisha. Mimi nina ya spoku, napaka oili chafu kwa kitambaa kila Ijumaa, mara moja tu, nusu ya kikombe cha chai inatosha gurudumu zote mbili, naangalia isifike pale breki zilipo.

Na kuosha, tafadhali, osheni na maji ya mfereji. Visima vingi vya hapa vina chumvi, utaona mtu anaosha piki kila siku kwa bidii na maji ya kisima na kila siku anaiongezea chumvi. Onja kwanza. Kama hunywi, usioshee piki.

Haya, skuta. Dada zangu wengi wanapenda skuta na wana sababu, tusiwacheke. Haina klachi, haina gia, unavuta mafuta inakwenda, unaachia inapunguza. Kuna pa kuweka mkoba chini ya kiti. Na kubwa zaidi, mbele iko wazi, unapitisha miguu pamoja, mtu amevaa buibui ama dera hahitaji kupandisha nguo kurusha mguu, na cheni hakuna ya kunasa nguo. Hili la nguo ni zito jamani. Buibui likiingia kwa cheni ama kwa spoku za nyuma halikatiki, linavuta, na litakuvuta wewe na shingo yako. Mimi kwa piki ya gia nakunja buibui nalifunga kiunoni kwa leso na ndani nina suruali, abiria wangu nikiwa nae siondoki mpaka nimeangalia nguo yake mwenyewe kwa macho pande zote mbili. Na kama piki yako imekuja na ile kinga ya chuma pembeni ya gurudumu la nyuma usikubali fundi aitoe eti ni uzito wa bure.

Ila skuta ina magurudumu madogo. Kwa lami, Malindi mjini, Casuarina, ama Gede kwenda Watamu, raha mtupu. Ukiiingiza mchanga inazama mbele kama kijiko kwa uji, na shimo ambalo piki ya kawaida inalipita skuta inaingia yote. Mkanda wake wa ndani pia hauonekani, ukichakaa unakatika ghafla na si kila fundi wa hapa anao ujuzi wala hio spea. Kwa hio jiulize mlango wako uko wapi. Ukiwa unaishi kando ya lami na kazi yako iko kando ya lami, skuta ni nzuri kuliko zote nilizotaja. Ukiwa nyumbani kwako unaingia mita mia tatu za mchanga, hizo mita mia tatu utazipita mara mbili kila siku ya Mungu.

Zile ndefu za porini, Honda XL, Yamaha DT na AG, kwa mchanga hakuna kama hizo, magurudumu makubwa, shokabzoba ndefu, zinapita popote. Binamu yangu huyu ndio moyo wake uko huko. Lakini ni ndefu, mimi nikikaa kwa DT naning'inia kama nguo kwa kamba, na nyingi unazozipata ni mtumba zilizofanya kazi miaka mingi. DT na AG100 pia ni za tu-stroki, injini ya mipigo miwili, zinataka oili yake mbali kwa tangi yake, ukisahau kujaza injini inashika, na mtu mgeni anasahau. Binamu ni mrefu kuliko mimi, inchi nne, kwa hio nimemwambia akaijaribu kabla hajaniambia chochote zaidi. Nyayo zikilala sina neno.

Za umeme nazo zimeingia nchini, Roam, Ampersand, Spiro, hazina klachi, hazina kelele, oili hakuna. Mimi ningeuliza kitu kimoja tu: kituo cha kubadilisha betri ama pa kuchaji kiko wapi ukitoka nyumbani kwako, na nenda ukakione kwa macho kabla ya kulipa. Ukikiona kipo na kinafanya kazi, hapo unaweza kuanza kuifikiria.

Mpya ama mtumba? Mtu mgeni ataiangusha, hilo lichukulieni limeshatokea, kwa hio mtumba safi sio wazo baya. Shida ni kwamba mtumba nyingi za hapa zimetoka kwa boda, na ya boda imekwenda mchana na usiku, na kebo ya mita ishachomolewa zamani. Ukienda kuiona nenda asubuhi na cha kwanza weka mkono kwa injini. Ikiwa ni ya moto ujue imepashwa kabla hujafika ili iwake upesi, mwambie utarudi. Ikiwa baridi, iwashe, moshi wa buluu unaoendelea ni oili inaungua ndani. Angalia meno ya sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika cheni, yakiwa yamechongoka yameinama kama pezi la papa basi cheni na sproketi zote ni za kubadilisha, toa hizo pesa kwa bei. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto kulia, likicheza ni bushi ama beringi. Inua kiti uangalie chini ya betri na chini ya tangi, hapo ndio kutu hujificha, na rangi mpya mahali pamoja tu ni dalili. Halafu nambari ya chesisi na ya injini uzisome mwenyewe kwa chuma, uzilinganishe na logbuku, na pesa zisitoke kabla umiliki haujaanza kuhamishwa kwa eCitizen. Logbuku ya jina la mtu wa tatu ambae yuko Saudia usiichukue hata ikiwa ni nusu bei.

Mkopo nao. Yangu ya kwanza ilikua ya mkopo, kampuni siitaji, iliwekwa trakka na siku nilipochelewa kulipa ikazimwa nikiwa njiani na samaki. Nilikua nimesaini, haki ilikua yao, lakini hakuna alienieleza kabla, nami sikusoma. Kwa hio fanya hesabu kwa mkono. Tuseme depoziti ni 30,000, halafu 450 kila siku kwa miezi 18. Siku 540 mara 450 ni 243,000, ongeza depoziti ni 273,000. Hio ndio bei yake, ile 450 sio bei. Sasa uliza piki hio hio taslimu ni ngapi na uone pengo. Na kama biashara yako ni ya bahari kumbuka kuna siku za kusi mashua hazitoki, wao siku hizo wanahesabu vile vile.

Kwa sheria, A2 ni ya kuendesha piki yako mwenyewe kuanzia miaka 18, ukitaka kubeba abiria wa kulipa ama kufikisha mizigo ya watu ni A3 na iwe umefika 21. Abiria ni mmoja tu. Helmeti na jaketi ya rifleta ni lazima, wewe na abiria, na bima angalau ya thadi pati. Bajeti ya helmeti itoe kwa pesa ya piki, sio ile itakayobaki. Ivae, funga kamba, inamisha kichwa mwambie mtu aivute kutoka nyuma kwenda mbele, ikitoka sio yako. Mimi niliacha piki yenye stata nzuri nikachukua yenye kiki tu ili nipate helmeti mbili za maana, yangu na ya abiria.

Kwa hio nikiambiwa niseme kwa jina, mimi mwenyewe na urefu wangu na mchanga wangu na kreti yangu, ni HLX 125 ama Boxer 125 yenye kava nzima ya cheni, ile ambayo kiti chake kitakukubali. Mtu wa mjini asie na mzigo, 100. Wa lami tupu, skuta. 150 mnunue, sijasema msinunue, ila iwe ya pili, ama uwe mrefu na una mikono.

Na kuinua piki, mana ndio lile swali langu la pili: zima ufunguo kwanza, funga koki ya petroli. Kama imelalia kulia toa stendi ya pembeni kabla hujaiinua isije ikavuka upande wa pili. Zungusha usukani mpaka mwisho upande ilipolalia, geuka uipe mgongo, makalio yakae kwa ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwengine keria, halafu rudi kinyumenyume hatua ndogondogo ukisukuma kwa miguu, mgongo umenyooka. Kreti iondoe kwanza. Mimi nilijifunza kwa kuilaza yangu makusudi juu ya gunia nyuma ya nyumba, mara tatu kila jioni, mpaka nikaacha kuiogopa.

Binamu anakuja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla jua, nimeshaomba HLX ya jirani na kuna mtu wa Barani atatuletea DT yake. Nimemwambia aje na viatu vya kufunga, asije na ndara, na gunia ntatoa mimi.